Supu ya Ubongo

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda maabara, Dakta Nakhumicha Wakoli alipitia kichinjio cha mbuzi pale Kitale akiwa na kikasha cha barafu, akanunua bongo. Hakununua matumbo, hakununua maini, wala hakuwahi kuuliza habari za paja. Bongo tu. Wachinjaji walimpenda kwa sababu hakubishana nao, na walimwogopa kidogo kwa sababu hiyo hiyo. Mwanamke asiyebishana kichinjioni, walisema, ana jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa utafiti. Nakhumicha alikuwa amesomea kemia ya ubongo kwa miaka mingi, akarudi nyumbani, akapewa chumba nyuma ya chuo kimoja mjini, chenye friji mbili, mashine ya kuzungushia chupa, na fundi wa maabara aliyeitwa Chelangat, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Walikuwa wakitafuta kitu cha kuwasaidia watu wenye ugonjwa wa Alzeima, ule unaomla mzee kumbukumbu kidogo kidogo mpaka asijue mlango wa nyumba yake. Walisaga ubongo wa mbuzi, wakatoa ndani yake kimeng'enya fulani, kisha wakakijaribu kwa maji ya mizizi na majani ya Mlima Elgon, waone ni yapi yanakipunguza kasi. Maana kimeng'enya hicho kimo hata kichwani mwa binadamu. Kazi yake ni kufagia kemikali inayobeba habari kutoka seli moja ya ubongo kwenda nyingine. Kwa mgonjwa, kemikali yenyewe imekwisha kupungua, na mfagiaji bado anafagia.

Kazi hiyo haikumsumbua mtu yeyote ila Kipyegon.

Kipyegon alikuwa na kibanda cha supu ya kichwa karibu na soko. Wateja wake walikuwa madereva wa malori ya mahindi na walinzi wa usiku waliotoka kazini wakiwa na baridi mifupani. Watu wa namna hiyo wanajua kichwa. Wakapasua, wakachungulia, wakakuta patupu.

"Kipyegon, hii mbuzi yako ilikuwa mjinga?" mmoja akauliza. "Mbona kichwa haina kitu ndani?"

Kibanda kizima kikacheka. Kesho yake wakauliza tena, na Kipyegon akaona kwamba mzaha ukirudiwa kila siku ni njia ya wateja kuaga. Akaulizia kichinjioni, akaelekezwa, akaenda maabara akiwa na aproni yake na gambuti.

"Chamgei, Dakitari. Mimi ni ule mtu wa vichwa."

"Karibu. Vichwa gani?"

"Vile wewe unamaliza."

Nakhumicha akamvutia kiti. Alikuwa mtu wa kueleza mambo, na ilikuwa nadra apate mtu wa kumsikiliza ambaye hakulipwa. Akamweleza yote: seli, kemikali, mfagiaji. Kipyegon akavua kofia, akaishika magotini kama mtu aliye kanisani.

"Kwa hivyo," akasema, "kwa ubongo ya mbuzi kuna kitu ya kusaidia mtu mwenye anasahau."

"Hapana. Kwa ubongo kuna kile kitu tunataka kipunguze kazi. Tunakitoa, tunakijaribu kwa chupa."

"Kwa chupa."

"Ndiyo."

"Halafu mtu anakunywa."

"Hakuna mtu anakunywa! Hata kwa panya bado hatujafika."

Kipyegon akageuzageuza kofia. "Na mtu akisahau mpaka watoto wake, anaweza kurudi?"

"Bado hatujui njia ya kumrudisha, ndugu yangu. Pengine tutaweza kumpunguzia mwendo."

"Sawa. Nimeelewa," Kipyegon akasema. Alisema kwa sauti ya mtu ambaye hakuelewa, lakini amepata kitu kinachomfaa kuliko kuelewa.

Kufikia mwisho wa wiki kibanda kilikuwa na bango jipya, lililoandikwa na fundi wa rangi aliyetoka Bungoma na lafudhi yake: SUPU YA UBONGO. INALUDISHA KUMBUKUMBU. DAKITARI ANAJUA. Kipyegon aliapa baadaye kwamba hapo hapakuwa na uwongo. Daktari alikuwa anajua. Hakuna mahali palipoandikwa anajua nini.

Watu wakafurika. Walikuja watahiniwa wa kidato cha nne na mama zao. Akaja mhubiri aliyekuwa akichanganya Waefeso na Waebrania. Mwanamke mmoja alitoka Tongaren akimkokota mumewe, ambaye ugonjwa wake ulikuwa kusahau kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Yule bwana akanywa bakuli mbili, akasifu, na mwisho wa mwezi akasahau tena.

Jumatatu ya kwanza baada ya bango, Nakhumicha alifika kichinjioni, akafungua kikasha chake, na hakuna aliyemtilia kitu.

"Zote zimeenda kwa Kipyegon," mchinjaji akamwambia. "Ati kuna daktari amethibitisha."

"Daktari gani?"

Mchinjaji akamtazama kwa mshangao. "Si wewe?"

Akaenda kibandani moja kwa moja, kikasha mkononi. Foleni ilikuwa imezunguka hadi kwa fundi wa viatu. Mtu akamtambua, akapiga kelele, "Huyo ndiye daktari!" na watu wakampigia makofi. Mama mmoja akamshika mkono akautikisa mpaka kikasha kikaanguka.

"Sikilizeni!" Nakhumicha akasema. "Hii si dawa! Ni supu! Ubongo wa mbuzi ukifika tumboni unasagwa kama nyama nyingine. Haupandi kichwani!"

Kisha mwalimu mmoja aliyekuwa katikati ya foleni, mwenye tai na kalamu tatu mfukoni, akawageukia wenzake.

"Mnaona sasa? Ni yeye alikuwa anazimaliza peke yake. Hataki tujue."

Foleni ikasogea mbele, na Nakhumicha akasukumwa nje taratibu, kwa heshima zote.

Jioni hiyo mama yake akapiga simu kutoka Bungoma. Mama Sellah hakuwa na kawaida ya kusalimu sana kwenye simu.

"Wewe Nakhumicha, nimekuzaa kweli?"

"Mulembe, Mayi. Kuna nini?"

"Dawa unapatia watu wa Kitale wote, hata wenye hatujui kwao ni wapi, na babako ako hapa anauliza kila siku hii nyumba ni ya nani. Si nimesikia kwa watu wa kanisa! Mtoto wangu mwenyewe!"

Nakhumicha akajaribu kueleza. Mama yake akasikiliza kidogo, kisha akasema mchuzi unaungua na akakata simu.

Kazi ikamzuia mwezi mzima, kisha Jumamosi moja Nakhumicha akaenda nyumbani, nje kidogo ya mji wa Bungoma, kwenye barabara ya kwenda Sirisia. Watu wengi walidhani alichagua kazi ile kwa sababu ya baba yake, lakini haikuwa hivyo. Alianza kusomea ubongo wakati Mzee Wakoli angali mzima kabisa, akijua majina ya wachezaji wa mkoa wote wa Magharibi na makosa waliyowahi kufanya. Ugonjwa ulipomjia mzee, bintiye alikuwa tayari ameshika mashine. Alijua kila kinachoharibika ndani ya kichwa kile, kwa jina na kwa kipimo, na bado kila alipokaa mbele ya baba yake hakujua mikono yake aiweke wapi.

Mzee Wakoli alikuwa refa. Alipuliza kipenga kwa miaka mingi, katika viwanja ambavyo mashabiki walikuja na mawe yao kutoka nyumbani, na hakuwahi kukimbia. Sasa alikuwa amesahau karibu kila kitu ila kazi. Kadi mbili, ya njano na nyekundu, zilikaa mfuko wa shati, na Mama Sellah alikuwa amejifunza kuzihamisha kila anapofua.

Nakhumicha alimkuta amekaa barazani, amenenepa. Mashavu yaling'aa mafuta.

"Mayi, umempa nini?"

"Nini kingine? Supu. Ule Kipyegon amefungua kibanda hapa mjini pia, karibu na stendi. Asubuhi, mchana, jioni." Mama Sellah akajifuta mikono kwa leso, akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Na anapona. Jana ameniita Sellah."

"Lakini wewe si ndiye Sellah?"

"Ndiyo nasema!"

"Na juzi?"

Mama akatazama kando. "Juzi aliniita mshika kibendera. Lakini juzi supu ilichelewa."

Nakhumicha akavuta kigoda, akakaa mbele ya baba yake. Aliamua kumfanyia mtihani wa kumbukumbu kama anavyowafanyia wazee wengine, ili mama ajionee mwenyewe.

"Papa, leo ni siku gani?"

"Siku ya mechi."

"Na hapa tuko wapi?"

Mzee akatazama migomba, akatazama kuku. "Uwanja mbaya huu. Hawajakata nyasi."

"Nitakutajia vitu vitatu, uvikumbuke. Ng'ombe, jembe, chai. Umesikia?"

"Nimesikia."

Wakaongea kidogo juu ya mvua. Kisha Nakhumicha akauliza, "Nilikutajia vitu gani vitatu?"

Mzee Wakoli akanyooka. "Mchezaji hamuulizi refa maswali," akasema, akachomoa kadi ya njano, akamwinulia usoni.

"Unaona?" Mama Sellah akadakia. "Kabla ya supu alikuwa anaitafuta hiyo kadi mpaka mechi inaisha!"

Nakhumicha akacheka, kwa sababu hakukuwa na jingine la kufanya. Lakini Mama Sellah alikuwa ameshapanga mambo yake. Kesho yake ilikuwa siku ya wazee kanisani. Alikuwa amemwomba Pasta Barasa, baada ya ibada, bintiye asimame awaeleze watu ukweli wa dawa ile. Na kwa kuwa kina mama walitaka kusikia pande zote mbili, kama kortini, walikuwa wamemwalika Kipyegon pia, aje na sufuria.

Kipyegon akaja na sufuria tatu. Wazee waliketishwa kwenye viti vya mbele chini ya hema, na kabla ya hotuba yoyote kila mmoja akapewa bakuli. Mzee Wakoli alikunywa yake bila kuinua kichwa, akapangusa bakuli kwa kipande cha ugali mpaka likang'aa, akalishikilia mapajani.

Pasta Barasa akamkaribisha Nakhumicha. Safari hii hakupiga kelele. Aliwaambia kwamba mzee anaposahau si uchawi, wala si uzee tu, wala si laana ya mtu. Ni ugonjwa wa ubongo. Kuna uchafu wa protini unaojazana katikati ya seli, na kuna kemikali ya kupeleka habari inayopungua, na seli zenyewe zinakufa moja moja. Akawaambia kazi anayofanya na bongo za mbuzi, na kwamba yaliyomo ndani ya chupa hayajawa dawa ya mtu.

Bibi mmoja wa safu ya mbele akainua fimbo. "Mwanangu, hebu niulize. Umesoma miaka hiyo yote, umepanda ndege, ndio urudi utuambie hakuna dawa?"

Hema likacheka.

"Kukhu, ziko dawa za hospitali zinazowasaidia wengine kidogo, kwa muda," Nakhumicha akasema. "Ya kuponya bado hakuna. Siwezi kuwadanganya."

Watu wakanung'unika. Hakuna aliyependa jibu hilo, hata aliyelitoa. Kipyegon akaona nafasi yake, akasimama, akafunga aproni vizuri.

"Mimi sijasoma," akasema. "Mimi sina maneno mingi. Mimi niko na shahidi. Mzee Wakoli ako hapa, baba ya daktari mwenyewe. Amekunywa hii supu asubuhi na jioni, mama ako hapa atasema. Si ni kweli, mama?"

"Ni kweli!" Mama Sellah akaitikia.

"Haya. Mzee, simama kidogo, ambia watu." Kipyegon akamsaidia kusimama, akamgeuza kwa watu. "Kabla uanze supu, ulikuwa unakumbuka vizuri?"

Mzee Wakoli akafikiri. "Nilikuwa nakumbuka vizuri sana," akasema.

Kicheko kidogo kikapita.

"Sawa. Na tangu uanze supu, unajisikia aje?"

"Supu gani?"

"Supu ya ubongo, mzee. Ile unakunywanga."

"Mimi sijakunywa supu," Mzee Wakoli akasema kwa upole. "Nimekaa hapa tangu asubuhi na njaa yangu."

"Lakini bakuli si hiyo uko nayo kwa mkono! Umemaliza sasa hivi!"

Mzee Wakoli akaliinua bakuli, akalichungulia ndani, akaligeuza chini juu. Hakuna tone lililoanguka. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyeona mengi katika maisha yake.

"Mwenye kukunywa hii," akasema, "ni mtu mchoyo sana. Hakuachia mwenzake hata kidogo."

Hema likalipuka. Watu waliangukiana. Yule bibi mwenye fimbo aliiangusha fimbo. Pasta Barasa alijificha nyuma ya Biblia yake na mabega yakamtingishika, na mzee mmoja aliyekuwa amelala akaamka akaanza kupiga makofi akidhani sadaka imetangazwa. Mzee Wakoli mwenyewe, alipoona watu wote wamefurahi, akafurahi pia, akawapungia mkono pande zote kama alivyofanya zamani mechi ikiisha salama.

Nakhumicha akamtafuta mama yake kwa macho. Mama Sellah alikuwa amejifunika uso kwa leso, na mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka. Nakhumicha akapita katikati ya viti, akakaa karibu naye, asijue kama ni kicheko au ni kilio. Mama alipoifunua leso, vilikuwa vyote viwili.

"Nilijua," Mama Sellah akasema. "Nilijua tangu wiki ya kwanza. Si ninaishi naye? Lakini nikipika, nikichota, nikimlisha, angalau nina kitu cha kufanya. Ukiondoa supu, mimi nitafanya nini? Nikae nimuangalie tu akienda?"

Nakhumicha akamshika mkono, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mikono yake ikajua mahali pa kukaa.

Nyuma ya hema alimkuta Kipyegon akimwaga maji ya moto kwenye sufuria, hana hata raha ya kusugua.

"Dakitari, mimi si mwongo," akasema kabla hajaulizwa. "Mamangu ako Suam. Anaitwa Chepngeno. Ananiita jina ya babangu, ananiuliza kwa nini sijafungia ng'ombe, na ng'ombe tuliuza zamani, na babangu alikufa. Siku ile nilikuja kwako, nilikuwa nimetoka kumuona. Nikasikia ukisema ubongo, ubongo. Nikasema, Mungu amenijibu kwa kazi yangu mwenyewe."

"Umempa supu?"

"Nimempatia mpaka akiona bakuli anatoroka. Sasa bakuli ndiyo kitu peke yake anakumbuka." Akacheka, kisha akafuta pua kwa mkono wa shati. "Nilikuwa nataka tu ikuwe ukweli."

Nakhumicha akachukua kipande cha sufi ya chuma, akainama, akaanza kusugua sufuria ya pili. Walisugua pamoja. Walipomaliza wakakuta watu wanangoja pembeni ya hema: mwanamume aliyetaka kuuliza kuhusu shangazi yake anayewasha moto saa zisizofaa, dada wawili ambao baba yao alipotea mara mbili kwenye shamba lake mwenyewe, na yule bibi mwenye fimbo, ambaye alitaka kuuliza juu yake mwenyewe, kwa sauti ya chini.

Kuanzia hapo Nakhumicha na Chelangat walianza kuzunguka, wiki moja upande wa Kitale, wiki nyingine upande wa Bungoma, wakiwapima wazee na kukaa na jamaa zao. Walifika hadi Suam. Bi Chepngeno aliwapokea vizuri alipohakikisha kwamba hawakubeba bakuli. Wengine walipelekwa hospitali wakapata dawa, na ikagunduliwa kwamba mmoja hakuwa na Alzeima hata kidogo, alikuwa na upungufu wa vitamini, akachomwa sindano, akaanza kukumbuka mpaka mambo ambayo wanawe walitamani ayasahau.

Kipyegon alifuta maneno ya bango, akabakiza mstari wa kwanza, na chini yake akaandikisha: NI TAMU TU. Wateja hawakupungua sana, maana ilikuwa kweli. Bongo wakagawana nusu kwa nusu na maabara, na wateja wakizidi kuuliza, aliwajibu kwamba nusu ya mbuzi hao wako chuo.

Kabla mwaka haujaisha, mzizi mmoja kutoka mlimani ukaonyesha dalili. Ndani ya chupa, kimeng'enya kilipungua kasi, wakarudia, kikapungua tena. Nakhumicha alikaa akizitazama namba. Ni mwanzo tu, alijiambia, na mianzo mingi kama hiyo huishia kwenye chupa. Kisha akafungia mzizi kabatini na hakumwambia Chelangat jina lake, kwa sababu alijua kwamba Chelangat akijua leo, kesho mlima mzima utang'olewa.

Alasiri moja akiwa bado anaandika, Mama Sellah akapiga simu. Alikuwa akicheka hata hakuweza kusalimu.

"Mayi, nini?"

"Babako amenifukuza."

"Amekufukuza wapi?"

"Kwa kochi! Nimeenda kukaa karibu na yeye, nimpatie chai. Amesogea. Nikasogea. Akasogea tena mpaka mwisho. Halafu akaniambia, mama, wewe ni mtu mzuri na chai yako ni nzuri, lakini tafadhali kaa ile kiti ingine."

"Kwa nini?"

"Ati yeye ana bibi. Ati anaitwa Sellah, na akitukuta hapa hatafurahi."

Nakhumicha akaiweka kalamu chini. "Na wewe ukafanya nini?"

"Ningefanya nini?" mama yake akasema. "Nimekaa ile kiti ingine. Nikamuuliza, huyo Sellah ni mtu wa aina gani? Na mtoto wangu, tangu saa nane ananiambia. Hajamaliza."